Ngazi ya Wachezaji Themanini

Nyumbani, nyuma ya karakana,
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Nimesikia umeanza kutembea bila mkongojo; nilifurahi mno. Huku tu wazima, na Mama, dada yako, hajambo kabisa.

Mjomba, mwanafunzi wako wa useremala nimejenga ngazi ya tangazo la bia! Tena si tangazo la mchezomchezo. Walikodi ukumbi mzima, wakaweka taa za kuunguza nyusi, na chupa ya mbao ndefu kuliko nyumba yetu. Ngazi yangu iliizunguka chupa hiyo, wachezaji themanini wateremke wakicheza, bilauri mkononi. (Povu lenyewe ni la sabuni. Usimwambie mtu.)

Asubuhi ya kupiga picha, wakiwa katika mazoezi, nikasikia mlio. Kriiik! Mmoja tu. Nikaingia chini na tochi, nikakuta boriti imepasuka penye fundo. Mbio kwa mwongozaji wa tangazo.

"Asipande mtu mpaka nibadilishe boriti. Nahitaji saa tatu."

Akanitazama kuanzia viatu hadi kilemba. "Fundi, unajua saa tatu hapa ni hasara gani?"

"Sijui. Ninachojua ni shingo themanini."

Nilikaa kwenye kipandio cha kwanza, nikapakata nyundo, sikubanduka. Mwishowe akatupa kofia chini: "Haya! Saa tatu!"

Tulimaliza mapema, maana wachezaji wenyewe walinipokeza mbao. Mwongozaji akasema, "Kama imepona, panda wewe kwanza."

Nikapanda hadi juu. Nikaruka. Nikaruka tena kwa nguvu zote. Ngazi, kimya! Wapiga ngoma wakadhani zamu yao imefika, wakaanza. Ningefanyaje? Nikateremka nikikatika, mkanda wa misumari kiunoni, watu hoi kwa vicheko. Kumbe kamera ilikuwa inanasa!

Tangazo limetoka juzi, na mwisho kabisa ni mimi, ngazini. Mwongozaji ameshapiga simu: ana kazi nyingine, anamtaka "yule fundi mbishi." Mama alitazama mara nne, machozi yakimlenga, kisha akasema, "Yaani dunia nzima inakuona, na umevaa kanga ile iliyopauka!"

Nisalimie mkaza mjomba na mapacha. Mungu aipe mikono yako nguvu ya kazi na goti lako wepesi wa kuja kututembelea.

Ni mimi mpwa wako akupendaye,
Fundi Mbishi