Chombo Kinachosema Uko Wapi

Jumamosi usiku

Mimi nilishachagua changu, kile cha bei nafuu kinachonionyesha meli kubwa zilipo, basi. Kwa boti yangu ndogo ya matanga kinatosha kabisa.

Kosa langu ni kwenda Kariakoo na mke wangu. Muuzaji alipomwona tu, akatoa kingine. "Mama, hiki na chenyewe kinatangaza. Ukiwa nyumbani Upanga unamwona mzee kwenye kompyuta, popote alipo baharini."

"Tufungie hicho," akasema mke wangu.

Yeye anajua kila Jumapili nakwenda kisiwani. Sijawahi hata kufungua kamba! Huwa nanunua samaki wa kukaanga pale Feri, napanda botini, nakula, nalala.

Kesho amesema atanifuatilia mpaka nifike. Na mimi hata kuogelea sijui.