Ua Ndani ya Karai la Baba

Mpendwa baba,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote: kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, naliamkia ua lako. Naliambia shikamoo. Mimi huyu ambaye wageni wakija najificha jikoni mpaka chai inapoa. Halijaitikia bado, lakini majani yake yana manyoya laini kama masikio ya sungura, na chenye masikio hivyo lazima kinasikia.

Unakumbuka ulivyolileta kutoka machimbo ya Rwamgasa, mizizi umeifunga kwa kitambaa, wewe una vumbi jekundu hadi kwenye nyusi? Mama akakuuliza, "Wenzako wanaleta dhahabu, wewe unatuletea majani?"

"Dhahabu inauzwa, mama Neema. Hili linakaa."

Ukalipanda kwenye karai lako la kuoshea mchanga wa dhahabu, lile la bahati. Ukasema lisikose maji, ukarudi machimboni.

Halikukosa. Mama alilimwagia kila jioni, mimi nikawa nalipangusa vumbi la mtaa wetu wa Kambarage kwa kitambaa kibichi. Baba, likaanza kuoza. Majani ya chini yakalegea kama mchicha wa jana. Jumamosi mama akalishika shina. "Limekufa hili. Nakwenda kulitupa."

Nilijua tatizo. Karai la mchimbaji halina tundu, dhahabu isipotee. Ila mizizi ndani yake inazama. Haya tumeyasoma kwa Kiingereza, na Kiswahili chake kikanikwama kooni. Nikasema tu, "Mama, lina maji hadi shingoni. Tulitoboe karai."

"La baba yako? La bahati?"

"Ndiyo."

"Na akirudi, nani atamwambia?"

"Mimi."

Akaenda akaleta nyundo na msumari.

Tulikata yaliyooza, tukachanganya udongo na mchanga. Sasa nalimwagia shinani tu, udongo ukikauka, na vumbi napuliza, maana manyoya yake hayataki maji. Limechipua pembeni kote, majirani wameanza kuomba miche.

Basi nimekwambia: karai lako haliwezi tena kuosha dhahabu. Kama umekasirika, njoo ukasirikie hapa nyumbani. Ila uliguse kwanza.

Nasikia kandambili za mama zinakuja mlangoni. Ninachoandika huwa nakisukumia chini ya godoro. Barua hii naiacha mezani, na kalamu juu yake. Najua ana lake la kuongeza.

Wabeja, baba. Asante.

Ni mimi, kitindamimba wako