Siku Tulipouvuta Mtumbwi

Nyangwe, tarehe 17 mwezi wa nane, 1952

Kwa Yaya wangu, kaka yangu mkubwa Emile, Kabambare,

Amani ya Bwana iwe kwako, kwa mke wako na kwa watoto wote wa nyumba yako. Mama anaamkaje? Ule mguu wake umepoa, au baridi ya asubuhi bado inamsumbua? Mimi mdogo wako niko mzima. Safari hii siandiki neno hilo kwa desturi, Yaya. Niko mzima kweli, na ndiyo sababu nimeketi kukuandikia.

Unajua nilivyokuwa tangu mto ulipomchukua mume wangu Célestin. Ule mtumbwi wa zamani ulipasuka katikati ya Lualaba. Alimasi, aliyekuwa akipiga kafi, aliogelea hadi ukingoni, Célestin hakufika. Mwaka mzima sikumsalimu Alimasi. Nikimwona njiani, napita nyuma ya nyumba za watu. Maji nilikwenda kuyachota kwenye chemchemi ya mbali, nisiuone mto.

Basi kiangazi hiki watu wa kivuko walichonga mtumbwi mpya, mbali kule msituni, na siku ya kuuteremsha mtoni wakaomba mikono ya mji wote. Mwanvua, mke wa Alimasi, akaja mlangoni kwangu, wala hakujali uso niliomkunjia. Alisema wanawake wa misheni na wa mtaa wa msikiti watapika pamoja, na kwamba sombe yangu, majani ya muhogo nipikayo mimi, haina mpinzani. Nikamwambia nitakuja kupika tu, kamba sitaigusa.

Yaya, laiti ungeuona! Mvule mmoja mzima ulilala pale umekuwa mtumbwi, mweusi kwa moto walioutanulia tumbo. Watoto walikimbizana ndani yake kama wako barabarani. Juu, pale mti ulipokuwa umesimama, msitu ulibaki na tundu, na jua likapita hapo likatuangukia sisi sote. Mzee mmoja wa msikiti alisema, “Subhanallah,” katekista wetu akaitika, “Amina,” na hakuna aliyecheka.

Wanaume wakaanza kuvuta. Mara kamba moja ikakatika, wakaangukiana, mtumbwi ukakwama. Alimasi akatugeukia sisi wa vyungu, akaita: “Wamama, muko wapi? Hii kitu iko nzito!”

Nilishtukia niko kwenye kamba. Alimasi aliimba, “Iko nzito!” nasi tukajibu, “Iko yetu!” na kila tulipojibu, mti ulisogea. Viganjani nilizisikia nguvu za watu nisiowajua hata jina, na zangu zimechanganyika humo. Tumezoea kubeba mawe ya barabara kwa amri na fimbo. Siku hiyo hapakuwa na askari, na hakuna aliyetegea.

Kwenye kilima cha mwisho Lualaba ukatokea mbele yetu, mpana, unang'aa mpaka ng'ambo. Niliikaza kamba mikononi, nikaendelea kuvuta. Kisha mtumbwi ukatutoka mikononi, ukateremka wenyewe, ukazama pua majini, maji yakaruka yakawalowesha waliokuwa ukingoni. Halafu ukainuka, ukaelea kama jani. Ee Yaya, vigelegele vile! Mwanvua alinikumbatia, tukacheka mpaka tukaketi kwenye matope.

Wakati wa kula, Alimasi alipita na birika kutunawisha. Alipofika kwangu, nikamsalimu. Akasimama na birika lake, akasema: “Mama Léocadie, mwaka wote nilikuogopa kuliko mto.” Nikanyoosha mikono, naye akanimiminia maji.

Sasa nikuambie neno ambalo hata padri sijamwambia. Tangu niliposhika kamba mpaka tulipokwisha kula, sikumkumbuka Célestin hata mara moja. Nilipogundua, nililia sana, nikaona nimemtupa mume wangu. Nilimweleza Mwanvua. Akanisikiliza, kisha akasema: “Hukumutupa. Ulimutua chini kidogo, upumuzike.”

Tangu hapo nalala usingizi wa kweli, na Célestin akinijia moyoni, anakuja akicheka kama zamani. Namshukuru Mungu, nawashukuru watu wa mji huu.

Kwa hiyo, Yaya, asante sana kwa kuniita nirudi Kabambare, na kwa chumba ulichonijengea. Usinikasirikie. Chumba hicho mpe mama, hakina upepo mbaya. Mimi nabaki Nyangwe.

Nisalimie mama, umshike mikono yote miwili kwa niaba yangu. Wasalimie shemeji, watoto, na jirani wote wanaoniulizia. Naikata hapa, maana Mwanvua ananiita tufunge mizigo yetu ya mawese. Kesho asubuhi tunavuka kwa ule mtumbwi mpya kwenda soko la ng'ambo, na nimemwomba Alimasi nikae mbele.

Mdogo wako akupendaye,
Léocadie