Jina la Mirela Kwenye Orodha ya Wasafiri

Lulindi,
Masasi.
Jumatatu, 10 Novemba 2003

Mpendwa mdogo wangu Optatus,

Marahaba. Natanguliza kuitikia, maana barua yako imefika bila shikamoo, na mimi ni dada yako hata ukiwa Uingereza. U mzima? Kifua chako kinaendeleaje na hiyo baridi? Sisi huku hatujambo. Mama miguu inamsumbua akitoka shamba, lakini anakula vizuri na anagombeza vizuri, kwa hiyo sina wasiwasi naye. Mwanangu Gift yuko darasa la pili na meno ya mbele yamemtoka mawili kwa mpigo.

Korosho mwaka huu tumepata za bondeni tu. Mikorosho ya marehemu Baba, ile ya nyuma ya nyumba, ilishikwa na ukungu kabla hatujapata salfa ya kupuliza. Tunaokota tangu mwezi uliopita, na mgongo wangu ndio unaojua.

Barua yako imetukuta pabaya, na imetuokoa. Nitakueleza, ila usinikimbize.

Unakumbuka baraza la Mzee Muharami, msimu ule wa mwaka 1999? Wanunuzi binafsi walikuwa wanakuja na malori, yeye ndiye wakala wao, akapandisha dishi juu ya bati na kuweka televisheni barazani, jenereta inanguruma nyuma ya choo. Jumamosi saa kumi na moja jioni tulikaa juu ya magunia ya korosho, Mzee anatukemea kwamba tunazivunja. Wewe ulisimama kando ya televisheni na kijiti mkononi, umemaliza kidato cha sita juzijuzi, ukitutafsiria ule mchezo wa watu wa angani.

Mimi sijapenda kitu kwenye televisheni namna ile tena. Sasa hivi Masasi vibanda vya video viko kila kona, watu wanapigana na kupigwa risasi mchana kutwa, lakini Mirela, yule nahodha wa mchezo wetu, hakuna anayemkumbuka. Juzi nilimtaja kwa Dorothy, niliyekuwa nakaa naye gunia moja, akaniuliza kama nina homa. Nami najua haukuwa mchezo wa maana sana. Chombo chao kilikuwa kama pipa la mafuta lililolazwa, na mtu akifunga mlango ukuta mzima unatikisika. Lakini nahodha mwanamke anavuka nyota kuwapelekea maji watu wake waliokaukiwa, hapo Mama hakuhitaji mkalimani. Amekulia Newala, kila siku kushuka bondeni na kupanda na ndoo. Alikuwa anamsahihisha Mirela jinsi ya kubeba.

Halafu ile siku ya mwisho. Tangi limepasuka, Mirela anatoka nje ya chombo kuliziba, mlango unajifunga nyuma yake, majina ya waigizaji yanaanza kupita. Mama alijiziba mdomo kwa kanga. Wewe ukatangaza mbele ya watu wote kwamba atarudi, wiki ijayo mtamwona. Wiki iliyofuata wakaweka mieleka. Ya pili, mieleka. Msimu ukaisha, Mzee Muharami akashusha dishi lake, na Januari ukaondoka wewe kwenda masomoni.

Sasa jambo ambalo sijawahi kukuandikia, kwa aibu. Jumapili ya kwanza baada ya kukusindikiza stendi ya Masasi, Mama alikwenda kwa Julia, karani wa kanisa, akaandikisha wasafiri wawili wa kuombewa: Optatus na Mirela. Julia hakuuliza. Toka siku hiyo majina yenu yanasomwa kila Jumapili, moja baada ya jingine, na kanisa zima linaitikia. Nusu ya Lulindi wanaamini Mirela ni mkeo. Nimeshaulizwa mara tatu kama mmepata mtoto.

Wengine wote wa orodha ile walisharudi, au walifariki wakahamishiwa kwa marehemu. Mmebaki ninyi wawili. Na mwezi wa nane tukapata padri mpya, Padri Felix, mtu mwema ila anapenda mambo yanyooke. Anataka orodha mpya kabla ya Majilio. Alimwita Mama, akamwuliza kwa upole hao wawili wako wapi, na akasema msafiri asiye na habari kwa miaka miwili jina lake litaondolewa. Miaka miwili, Optatus. Ndiyo hiyo uliyonyamaza. Mama alirudi nyumbani akakaa kwenye kinu, hakutaka kula. Siku nne nilimhofia.

Siku ya tano ndipo bahasha yako ikafika. Niliisoma kwa sauti, yeye akibangua korosho. Uliniomba nimfiche habari ya chuo, lakini ombi lenyewe umeliweka mwisho na habari umeiweka katikati, na mimi nilikuwa nimeshaipita. Nisamehe. Anajua kwamba uliacha uhandisi mwaka wa pili, anajua unapanga mizigo ghalani, na anajua ni aibu ndiyo iliyokufunga mdomo. Aliniambia niendelee.

Nikafika pale unapoeleza kwamba mzee mmoja wa huko ghalani anaukumbuka ule mchezo, kwamba watazamaji walikuwa wachache, wenyewe wakaukatisha baada ya vipindi kumi na kimoja, na mwisho wake haukutengenezwa kabisa. Na unapokiri kwamba Kiingereza chao kilikushinda nusu, ukawa unatunga. Hapo Mama alicheka mpaka korosho zikamwagika. Alisema alijua siku zote, maana yule mwanamke anasema neno moja, Optatus anatafsiri mpaka jasho linamtoka. Kumbe alikuwa anakwenda kukusikiliza wewe.

Kisha akaniuliza: kwa hiyo hakuna aliyemuua? Nikamwambia hakuna, waliishia hapo tu. Akasema, basi bado yuko njiani. Akaichukua barua yako mkononi mwangu, akaikunja, akasema, na huyu wangu naye alikatishwa tu. Alikuwa anazungumzia chuo chako. Hajasema jambo jingine juu ya chuo mpaka leo, na mimi naona hatasema.

Sasa nisikilize mimi. Nimekuwa nikikukasirikia miaka miwili, na bado nimekasirika kidogo, lakini nimekukumbuka zaidi. Mchezo ule haukuisha, na pale barazani sikumbuki hata mtu mmoja aliyeudharau kwa hilo. Tulitaka tu uendelee. Umeandika kwamba karatasi zako za ukaazi zimetoka na Desemba una likizo. Sasa unangoja nini?

Jana baada ya ibada Mama alimfuata Padri Felix akamwambia ukweli wote, Mirela ni nani na ametoka wapi. Padri alicheka hadi akavua miwani, akasema Mirela abaki, Mungu atajua pa kumpeleka. Akauliza, na Optatus je, maana sasa habari zake zimefika. Mama akamjibu kwamba wewe asikuguse mtu. Atakufuta mwenyewe, kwa mkono wake, siku utakapokuwa umekaa naye benchi moja mle kanisani. Julia akampa penseli.

Mzee Muharami anakusalimu, ameniambia televisheni anayo bado, imefunikwa gunia. Dorothy na Julia wanakusalimu. Gift anamsalimu mjomba na kuuliza kama huko kuna meno. Mungu akuongoze katika kila mlango utakaoupita, na wa mwisho uwe huu wetu.

Ile penseli Mama ameifunga kwenye pindo la kanga. Leo asubuhi amekwenda nayo shamba.

Ni mimi nikupendaye na kukugombeza,
dada yako,
Winfrida (Mama Gift)