Gogo Nililoachiwa Nilitunze

Kaka yangu,

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba mbuzi wa jirani amekula kola ya shati langu la kanisani, na mke wangu anasema mbuzi huyo ana akili kuliko mwenye shati. Ndiyo habari kubwa ya hapa Nyasura wiki hii. Nyingine ni ya zamani, na nimeizungukazunguka miaka kumi.

Unakumbuka gogo la mvule ulilokata Suguti mwaka ule wa kuhamia kijiji cha ujamaa? Lori lilibeba mabati, kuku na mama. Wewe ulipanda umelikumbatia gogo lako. Ulilipasua ukaondoa moyo wake, ukapaka ncha zake nta na mavi ya ng'ombe, ukalifukia kivulini kwenye pumba za ulezi. Ungechonga kigoda cha kukalia siku wazee watakapokupokea barazani mwao. Nikakutania kwamba mimi mwenyewe sijawahi kulazwa vizuri namna hiyo.

"Cheka tu, mdogo wangu," ulisema. "Nje ikiwahi kukauka kuliko ndani, linajipasua. Na kigoda kikimpasukia mtu mbele ya wazee, ujue mizimu imemkataa."

Kikakupasukia. Ulikaa, tukasikia mlio mdogo, kama mtu amevunja kijiti. Mzee mmoja alimwaga pombe yake chini, taratibu, akaondoka.

"Wamekasirika," uliniambia. "Tumewaacha peke yao kule makaburini."

Kesho yake ulirudi Suguti kukaa kwenye kuta za nyumba yetu zilizobomolewa tulipohamishwa. Nilikufuata mara mbili. Ulinipa uji, ukakataa kurudi. Mara ya tatu nilikuta majivu ya jiko yamelowa mvua, na wewe umelala umegeukia ukuta. Homa, walisema waliokuja kukuzika.

Kaka, mizimu haikukukataa. Ulipokwenda Bunda kupeleka pamba, ukaniachia gogo, wageni wangu walilalamikia harufu. Nililitoa, nikakwangua mavi, nikalianika juani, na nikajisifu kwamba nakuharakishia kazi. Siku ya pili likaota ufa. Nikalimwagia maji mpaka ufa ukajifunga, nikapaka mavi mapya, nikalirudisha kwenye pumba. Uliporudi ulilipapasa, ukasema, "Umelitunza." Nikaitikia ndiyo. Na kule Suguti, mara zote mbili, nilikunywa uji wako nikanyamaza.

Ni mimi, mdogo wako.