Moshi wa Makontena, Segese

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Nimefika Segese, vumbi mpaka kwenye meno. Nimepanga gesti ya karibu na stendi. Kazi yenyewe: kuna kampuni ina makontena ya betri, yanahifadhi umeme wa jua ili makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu yafanye kazi mpaka usiku. Wanataka kuongeza mengine, kijiji nacho kipate umeme. Mimi nipime: yakishika moto, moshi utaenda wapi, na utamfanya nini anayeuvuta.

Meneja wao, Thobias, kanicheka. Eti betri hizi haziungui. Sasa mimi nimeitwa kufanya nini?

Jumatano, 13 Agosti

Nimetoka alfajiri kupima upepo. Baridi! Upepo mdogo, unatoka mashariki. Nikachoma majani mabichi kando ya uzio wa makontena nione. Moshi haukupanda. Ulilala chini, ukatambaa, moja kwa moja hadi bweni la wasichana wa shule, ng'ambo ya barabara. Mchana hali nyingine kabisa — jua kali, upepo wa nguvu, moshi unapaa na kupotea.

Matroni wa bweni anaitwa Apolonia, mwenyeji wa Mwakitolyo. Alinikuta nakagua madirisha, akanisalimu kwa Kisukuma. "Mwangaluka, dada. Unatafuta nini kwa wanangu?" Nikamweleza. Betri ikiungua inatoa gesi yenye asidi. Inauma macho, koo, mapafu. Akauliza, je, wakifunga madirisha? Nikamwonyesha juu: kati ya ukuta na bati kuna uwazi, mkono mzima unapita. Madirisha hayatasaidia. Dawa ni kutoka, tena kwa kuukata upepo — kaskazini, kwenye kigango, lile kanisa dogo.

Alikuwa anauangalia ule uwazi tu.

Ijumaa, 15 Agosti

Bosi wangu, Theonest, kapiga kutoka Kahama. Kasoma rasimu ya ripoti yangu. Kwanza sifa, halafu: nitumie wastani wa upepo wa siku nzima, niachane na huo wa alfajiri. Kwa wastani, bweni linatoka kwenye eneo la hatari. "Mteja atafurahi, Rhoda, na sisi tutapata kazi nyingine."

Wastani! Kuna mtoto anavuta wastani?

Nikasema sibadilishi. Akasema basi jina langu litaondolewa. Liondoe!

Jumapili, 17 Agosti

Mkutano wa kijiji, baada ya misa. Theonest kaja mwenyewe, shati jeupe. Kasema moshi ukitokea hautazidi ule wa jikoni. Makofi. Siwalaumu — umeme wanautaka, hata mimi nautaka. Nikanyoosha mkono. Mwenyekiti akaniangalia, akamwangalia Thobias. Sikungoja ruhusa. Nikasema yote: alfajiri, bweni, uwazi wa juu. Nikasema makontena yahamishiwe magharibi, kupita bweni, kusiko na nyumba.

Mzee mmoja akapaza sauti: "Kwa hiyo unataka tukae gizani?" Hilo liliniuma kuliko yote ya Theonest. Nikamjibu, shikamoo baba, hapana, nataka umeme ambao hautakaa mlangoni kwa watoto. Akaitikia marahaba, akakaa. Hakupiga makofi tena.

Theonest kanifukuza kazi palepale, nje ya ofisi ya kijiji. Gari lake likaondoka, mimi nimesimama na begi langu. Apolonia akalichukua begi. Nimehamia kwake, chumba cha matroni. "Mwenye mdomo kama wako halali gesti," kasema. Tumecheka mpaka machozi.

Jumatatu, 18 Agosti

Tumewatembeza wasichana hadi kigangoni na kurudi, zoezi la kukimbia moshi. Mkuu wa shule yuko safarini. Apolonia kasema atajieleza kwake akirudi. Salome, mwenye pumu, kauliza kama ni adhabu. "Ndiyo," kajibu Apolonia, "na kesho tunarudia."

Jumatano, 20 Agosti

Nipo kwenye benchi la kigango. Naandika harakaharaka.

Alfajiri — mlio, kama tairi la lori limepasuka. Halafu wa pili. Kontena moja linawaka. Moshi mweupe, mzito, ukalala chini ukaanza kuja. Apolonia tayari alikuwa anagonga vitanda. Getini tukamkuta Thobias: rudini ndani, fungeni madirisha, hali imedhibitiwa! Nikamwambia vuta pumzi. Vuta, tunakusubiri. Akaanza kukohoa. Apolonia akamsukuma kwa bega, geti likafunguka, wasichana wakapita mbio. Salome tulimbeba kwa zamu.

Wote wapo. Nimewaita majina mara mbili. Salome kapata dawa yake ya kuvuta, midomo inarudi rangi. Bweni halionekani, moshi umelimeza.

Theonest kapiga, nikapokea. Sauti laini leo! Niseme kampuni ndiyo iliyowatoa watoto, kwa mpango wake. Kazi yangu ipo palepale. Nikamkatia simu.

Sasa Thobias yuko nje na magari. Anataka wasichana warudi bwenini kabla viongozi wa wilaya hawajafika, wasiwakute kanisani. Macho yake mekundu, anapangusa machozi, na bado anabisha! Apolonia kakaa kwenye kizingiti, miguu kainyoosha mlango mzima. "Pita juu yangu," anamwambia. Hajapita.

Jua limepanda. Naangalia miti. Upepo unageuka, sasa unatoka kusini mashariki. Unakuja huku.

Nimemnong'oneza Apolonia. Kasimama, kafunga khanga vizuri kiunoni. Barabarani magari ya kampuni yamekaa kwa ubavu, hawaachi mtu apite. Thobias anapiga kelele kwamba hakuna anayetoka hapa bila kibali chake.

Kuna mlango wa nyuma, kwenye sakristia, chumba cha mavazi ya padri. Nje yake ni majaruba ya mpunga, matupu, makavu, hadi mbali kaskazini mashariki: tutaukata upepo tena. Wadogo wanatangulia. Salome nitambeba mgongoni. Apolonia kaanza kuwahesabu mlangoni. Nafunga daftari, natoka nao.