Taa za Korido ya Chini

Jumatatu, 10 Juni

"Jengo lisilowaka taa mchana ni jengo lililofilisika." Maneno ya Mzee Kimaro, mwenye jengo letu, mbele ya wapangaji wote. Upuuzi. Mteja hafuati taa, anafuata bidhaa. Tyubu za korido ya chini zinawaka asubuhi hadi jioni, nusu zinapepesa, zote zinakula umeme, na gharama tunagawana sisi. Nimeyaweka yote kwenye makala yangu ya Jumatano gazetini. Sentensi ninayoipenda: "Korido nzima inawaka, na ndani yake hakuna mtu." Nimeisoma kwa sauti. Nikairudia. Chai imepoa.

Ijumaa, 21 Juni

Nimeshinda. Wapangaji waliikata makala wakaibandika mlangoni kwa Kimaro, na mzee kasalimu amri. Fundi umeme ametoka Bomang'ombe na maboksi ya LED. Taa za korido sasa zinajiwasha zikihisi mtu anatembea, zinajizima akishapita. Nimepita pale tena na tena bila shughuli yoyote, kama bwana harusi. Furaha ya kitoto. Naikubali.

Jumanne, 25 Juni

Baridi. Mlima haujaonekana, mawingu yamekaa juu ya mabati. Korido ni giza saa sita mchana.

Mama Zuhura ana cherehani yake mwisho wa korido tangu kabla sijahamia ofisi ya juu. Anakuja kila siku kutoka Pasua, isipokuwa Ijumaa. Sasa anatia shanga kwenye gauni la harusi, kwa mkono. Kazi hiyo mwili hautikisiki, vidole tu. Taa inadhani hayupo. Inazima. Anapunga mikono, inawaka. Anashona kidogo, inazima.

Dada wa duka la simu alikuwa hoi kwa kicheko: "Mama, leo umepandwa na pepo gani?"

Mama Zuhura hakuinua kichwa. "Pepo wa Baba Neema. Hataki mtu atulie."

Baba Neema ni mimi. Nikacheka nao. Nilipofika juu sikucheka tena.

Alhamisi, 27 Juni

Taa imezima sindano ikiwa njiani. Mama Zuhura amejichoma. Tone la damu kwenye satini nyeupe. Mama wa bibi harusi ameshuka kutoka Marangu, ameliona, amelibeba gauni lake bila kumaliziwa.

Nimempigia fundi. Kazi ndogo, anasema: taa ile ya mwisho iachwe iwake moja kwa moja. Hakuna aliyemwambia pale anashona mtu. Alizifunga Ijumaa, akakuta kitu kimefunikwa turubai, akapita. Na mimi nilipita.

Nikaenda kwa Kimaro kumwomba taa hiyo. Nikampa shikamoo yake. Akafungua droo, akatoa makala yangu, akanisomea ile sentensi ninayoipenda.

"Umeandika wewe, kijana wangu. Kama hakuna mtu, taa inafanya kazi sawasawa. Kama yupo, amekaa kwenye njia ya watu bila mkataba. Chagua."

Nina majibu ya kila mtu mjini hapa. Leo nimeondoka bila kuchagua.

Jumamosi, 29 Juni

Kimaro ametaka korido iwe wazi kufikia Jumatatu, cherehani iondoke.

Nimeandika makala kali dhidi yake. Nimeichana. Kila neno lilikuwa kweli, na kila neno lilinificha mimi. Asubuhi zote hizi nimemsalimu yule mama. Za nyumbani? Nzuri. Kisha napanda ngazi na kuandika kwamba hakuna mtu. Si uongo. Ni jambo baya zaidi: niliamini. Naona aibu.

Nilishuka kumwomba radhi. Alikuwa anafunga vitambaa. "Pole haibebi cherehani, Baba Neema. Shika huku."

Nikashika.

Jumatano, 10 Julai

Bili ya umeme ya jengo imepungua. Bado nasema ni jambo jema. Tyubu zile zilistahili kufa.

Mama Zuhura anashonea barazani kwake Pasua. Wateja waliokuwa wakimkuta wakitoka stendi hawamfikii. Anapunguza sare za shule za watoto wa jirani. Gauni la harusi hajapata tena. Jana nilimpelekea suruali isiyo na tatizo lolote. Aliigeuzageuza, akanirudishia.

Wenye majengo wameanza kunipigia, wanataka nao kubadilisha taa, niwape moyo. Makala ijayo itakuwa fupi. Itakuwa hii:

Ninyi wenye majengo wa Moshi, badilisheni taa. Lakini kabla fundi hajapanda ngazi, teremkeni wenyewe koridoni, siku ya kazi, mkae kutwa. Mwulizeni kila anayeshika sindano au bisibisi pale anahitaji mwanga kiasi gani. Mwekeeni taa yake kwanza, na mkataba wa mahali pake. Zinazobaki, zimeni.